Sufuria Lisilotupika

Katika miaka yote niliyokaa na genge langu nyuma ya soko la Kariakoo, sikuwahi kuuza mchicha wa bondeni. Wenzangu waliuza. Mchicha wa bonde la Jangwani ulikuwa mnene, wenye majani mapana, na ulifika mapema kwa sababu haukuwa na safari. Lakini mimi niliyaona kwa macho yangu yale maji meusi wanayomwagilia, yanayobeba oili ya magari na kila kilichosombwa na mvua kutoka mitaa ya watu, nikaapa kwamba mboga iliyokunywa maji yale haitapita mikononi mwangu. Niliamka alfajiri kupokea mboga zilizotoka mbali, matembele, mchunga, kisamvu, majani ya kunde, na kabla sijazipanga nilimhoji aliyezileta mpaka akachoka. Zimelimwa wapi? Zimemwagiliwa maji gani? Zimepuliziwa dawa lini? Wapagazi wakawa wananiita hakimu.

Nilikuwa na mdomo, sikatai. Mteja akija na midomo imempauka nilimwambia palepale, mbele za watu, "Wewe damu huna. Acha chipsi, chukua matembele." Wengine walikasirika wakahamia genge la jirani. Wengi walirudi. Kariakoo watu wamechoka kuuziwa kwa maneno matamu, na ukali wangu waliuchukulia kuwa ndio ukweli wenyewe.

Nilichokuwa nakiamini hakikuwa kigumu. Mtu anayeishi mjini anakula sumu hata asipotaka. Moshi wa magari, moshi wa jenereta za madukani, vumbi la maghorofa yanayojengwa bila kupumzika, rangi, dawa ya mende, mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi: vyote hivyo vinaingia, na huwezi kuziba pua na mdomo maisha yako yote. Unachoweza ni kuupa mwili nguvu ya kupambana navyo. Mama yangu, aliyenilea kijijini kule Masasi, alikuwa akisema mboga za majani ni ufagio wa tumbo. Nilipokuja kuishi mjini nikaona ufagio huo unatakiwa zaidi huku kuliko kule.

Tena sababu nilikuwa nayo ndani ya nyumba. Mume wangu alikuwa fundi wa masufuria.

Sisemi yale mepesi ya kiwandani yanayong'aa dukani. Nasema yale mazito ya kumimina. Yeye na wenzake watatu walikuwa na kiwanja chao kidogo upande wa Gerezani, wamekizungushia mabati. Walinunua vyuma chakavu kwa waokotaji, pistoni za injini, rejeta, fremu za madirisha, makopo ya soda, wakaviyeyusha kwenye tanuri linalowaka kwa oili chafu, kisha wakaumimina ule uji kwenye kalibu za mchanga. Sufuria likipoa linasuguliwa, linapelekwa sokoni. Mama lishe wa mjini waliyapenda kwa sababu hayaunguzi wali upesi na ukiyadondosha hayapindi. Moshi wa pale ulikuwa mzito wa kunata, na mume wangu akirudi nyumbani hata kohozi lake lilikuwa jeusi.

Mafundi wa mitaa ile, wapiga rangi, wachomeleaji, watengeneza betri, wote wana dawa moja, nayo ni maziwa. Wakitoka kazini utawakuta dukani kila mmoja na pakiti yake, anakunywa kwa mkupuo, akiamini yanasafisha kifua. Mume wangu naye alikunywa. Nilimcheka. Nilimwambia maziwa yanamfaa ndama, mtu mzima anahitaji majani, naye akanijibu kwamba mamake ndama anakula majani hayohayo. Alikuwa mpole, wa maneno machache, na akisema la kuchekesha yeye mwenyewe hacheki.

Sufuria langu alilitengeneza yeye. Kabla ya harusi yetu ndugu na marafiki walinifanyia kichen pati, na wanawake wakaleta vyombo kama ilivyo kawaida, huyu seti ya vikombe, huyu chupa ya chai, huyu ndoo na kata. Mwanamume pale haingii. Lakini yeye alimtuma dada yake na mzigo uliofungwa kwenye khanga, na ulipofunguliwa wanawake wakacheka, maana sufuria lilitaka mikono miwili kuliinua. Somo wangu, aliyekuwa akinifunda, aliligonga kwa ukucha likatoa sauti nzito. Akasema, "Mwanaume anayekuletea sufuria hili hana mpango wa kukuacha. Hili utamrithisha mkweo." Niliinamisha uso kwa haya, lakini moyoni nilifurahi kupita kiasi. Sijapewa zawadi nyingine iliyonifurahisha kama ile.

Tulipanga kwenye nyumba ya zamani ya Kiswahili, moja ya zile chache ambazo hazijabomolewa kupisha ghorofa. Tulikuwa wapangaji watano, pamoja na mwenye nyumba, bibi mmoja aliyelea wajukuu wake watatu palepale. Sote tulipikia uani, na sufuria langu likawa gumzo. Wali ukiiva humo unatoka punje punje. Kila aliyeliulizia nilimwambia asihangaike na ya dukani, angoje nimwagizie kwa mume wangu. Haukupita mwaka, majirani wanne walikuwa na masufuria yake, na bibi mwenye nyumba akiwa mmoja wao.

Mtoto wetu wa kike, ambaye ndiye pekee tuliyejaliwa, alikuwa na miaka miwili na nusu baba yake alipoanza kulalamika tumbo. Lilikuwa linamsokota, siku tatu nne hapati choo. Kichwa kikawa kinamuuma. Yule mtu mpole akaanza kupandisha sauti kijiko kikianguka. Zahanati walimpa dawa za minyoo, safari nyingine wakampa za vidonda vya tumbo. Mimi nilisema ni moshi wa kazini, na nikajiambia hapa ndipo kazi yangu inapoanza. Nikaanza kumtengenezea maji ya matembele.

Wanaoyajua wanayajua. Unachukua matembele yenye mishipa ya zambarau, unayachemsha, unayachuja. Maji yanatoka yamefifia rangi, huyatamani. Ukiyakamulia ndimu yanageuka unayaona, yanakuwa mekundu kabisa, na ndiyo maana watu wanawapa wajawazito na wote waliopungukiwa damu. Ukishaiona rangi ile huhitaji kushawishiwa. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Nilichemsha jioni, nikakamua ndimu nne humohumo ndani ya sufuria, nikafunika, nikayaacha yalale mpaka asubuhi. Niliamini yakilala yanakomaa. Asubuhi yalikuwa na ladha ya chuma kwa mbali, nami niliichukulia ladha ile kuwa ndiyo damu yenyewe.

Kila asubuhi nilijaza vikombe viwili, cha baba na cha mtoto. Mtoto sikumpa kwa sababu anaumwa. Nilimpa asije akaumwa. Baba yake alirudi na vumbi la kazini kwenye nguo, na mtoto alimrukia mlangoni hata kabla hajabadilisha, nikaona yeye naye ananyemelewa na sumu ileile. Basi nilimshikia kikombe mdomoni nikamwambia, "Kunywa mwanangu, yakulinde." Alikunja uso kwa ukali wa ndimu, akanywa. Alikuwa mtoto mtiifu. Mimi nilijiwekea matone tu, kwa kuwa sikujiona na shida.

Alipokaribia miaka minne watoto wa rika lake pale uani walikuwa wanasimulia hadithi, wanasingiziana, wanaimba matangazo ya redio. Wa kwangu alikuwa na maneno yasiyozidi kumi, na mengine aliyokuwa nayo zamani aliyaacha. Akawa hataki kula. Akawa anashika tumbo na kukaa kwenye kizingiti akiwatazama wenzake wakicheza. Vidole vyake vikawa vyeupe. Bibi mwenye nyumba alisema kuna watoto wanaochelewa tu, nimwache. Mimi nilisema ni damu. Nikaongeza, ikawa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Alivyozidi kudhoofu ndivyo nilivyozidi kumnywesha. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nyingi, lakini haina budi kubaki.

Mchana mmoja jirani alinifuata gengeni mbio. Mtoto amepatwa na degedege. Sikumsubiri mtu wa kunishauri kuhusu mashetani wala mafusho. Nilimbeba hospitali hivyohivyo, na harufu ya mboga mikononi.

Malaria hawakuiona. Daktari aliyempokea alikuwa binti, nilimwona mdogo kwangu sana, lakini alikuwa na subira. Aliuliza baba wa mtoto anafanya kazi gani, nikamwambia. Akachukua damu ya mtoto, akaagiza na baba aje apimwe, vipimo vikapelekwa mbali, tukangoja. Majibu yalipokuja akaniita peke yangu. Akaniambia kwenye damu ya mwanangu kuna madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri za magari, na kwamba kwa mtoto madini hayo yanashika ubongo, damu na tumbo.

"Anaenda kazini kwa baba yake?" akauliza.

"Hajawahi kukanyaga."

"Baba yake naye anayo, na kwake najua inatoka wapi. Lakini mtoto anayo zaidi ya baba. Kuna mahali pengine inapoingilia. Nyumbani anakula nini?"

Hapo nilijiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa amenifikisha kwenye eneo langu. Nilimwambia katika mtaa mzima hakuna mtoto anayekula mboga kama wangu. Nikamweleza nilivyokataa mchicha wa bondeni, ninavyoosha majani kwa maji ya chumvi, na maji ya matembele asubuhi na jioni. Nilimweleza kwa kirefu, kama ninavyomweleza mteja mgeni. Alikuwa anaandika. Nilipofika kwenye ndimu kalamu ikasimama.

"Unayachemshia kwenye nini, mama?"

"Sufuria."

"La kiwandani, au haya ya mafundi?"

Sikumjibu swali. Nilipandisha sauti. Nilimwambia yeye ni mtoto wa juzi, mboga zinaondoa sumu tangu enzi za bibi zetu, na kama anataka kuniambia mume wangu ameniletea sumu ndani aseme wazi tujue moja. Watu wa kwenye foleni nje walinisikia. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Mama, mboga zako hazina kosa," akasema. "Mwili ulioshiba madini ya kwenye majani na kwenye maziwa haupokei risasi kirahisi. Mwili wenye njaa ndio unaoipokea kwa mikono miwili. Huenda mboga zako zimemsaidia kuliko tunavyojua. Lakini kitu kichachu kikilala kwenye chombo cha namna hiyo, kinakitafuna chombo. Ulimwekea mtoto mlinzi mlangoni, na mwizi umemlaza ndani."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na siku zote nilidhani wanamsema mtu.

Mtoto alilazwa. Jioni ile nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake, nikamkuta baba yake uani akiwasha mkaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba sitamlaumu, na maneno niliyotumia hayakuwa ya lawama, lakini sauti ilikuwa ya lawama na wote wawili tuliisikia. Alilichukua sufuria, akalipindua, akapitisha kidole kwenye tako lake lililoungua.

"Kila kalibu tunatia kichwa cha betri," akasema. "Kile kidude cha risasi cha juu, pale nyaya zinaposhika. Kinaongeza uzito, na uji unatiririka vizuri. Tumefundishwa hivyo."

"Na hili?"

"Hili nilitia viwili."

"Kwa nini viwili?"

"Nilitaka likudumu."

Nililia. Yeye hakulia, au hakulia mbele yangu. Alilifunika lile sufuria kwa gunia kana kwamba lina macho, akabeba nguo za mtoto, tukaenda hospitali kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nahesabu vikombe kichwani. Nilifika mia nikaacha.

Mtoto alikaa wodini wiki kadhaa akipewa dawa ya kuitoa ile risasi. Degedege halikurudi. Tumbo likatulia, akaanza kuomba uji. Daktari aliniambia niendelee na mboga, na maziwa nisiyadharau, ila nipikie chombo kingine na ndimu nikamulie kwenye bakuli la udongo au la glasi. Nilimuuliza kuhusu maneno yake, yatarudi? Akaniambia kilichokwisha kuingia kwenye mifupa kinatoka polepole sana, na kilichoguswa ubongoni hawezi kuniahidi. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, ingawa siku ile ningependa anidanganye.

Ikabaki kazi ambayo hakuna wa kunifanyia. Mdomo ulioyauza masufuria yale ulikuwa wangu. Nilianza na bibi mwenye nyumba, kwa kuwa wajukuu zake watatu walikuwa wanakula humo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

Nikamwambia anaendeleaje na kwa nini. Alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Mimi nimepikia sufuria la mumeo miaka sita," akasema. "Nimekufa?"

"Hujafa, bibi."

"Basi. Wewe ndiye uliyenisifia. Leo umenigeuzia maneno."

"Ndiyo, bibi. Nimeyageuza."

Hakuniangalia tena. Kwa majirani wengine watatu mmoja alinikumbatia, mmoja akauliza kama tutamrudishia alichonunulia, mmoja akafunga mlango akaongea nami kupitia dirishani. Wakati ule niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani, na mtu mwenye mdomo kama wangu aibu humshika vibaya kwa sababu amewasema wengi. Lakini hatimaye wote waliyaleta masufuria. Siku ya tatu nilipofungua mlango asubuhi nilikuta la bibi mwenye nyumba kizingitini, limesuguliwa vizuri, linang'aa.

Mume wangu naye alikwenda kwa wenzake. Mmoja alikubali kuacha vichwa vya betri. Wawili walimwambia anataka kuwaharibia soko, kwamba fundi akipata matatizo ya nyumbani kwake asiyalete tanurini. Alichukua nyundo yake na koleo akaondoka. Siku hizi anakunja mabati anatengeneza majiko ya mkaa. Mikono yake imepata tena nguvu kidogo na choo anapata, lakini hasira bado zinampanda ghafla, na zikishuka anaomba radhi kama mgeni.

Tukawa na masufuria matano ya kutupa. Niliyatia kwenye kiroba asubuhi moja nikayapeleka jalalani, pale gari la taka linapopita. Nilikuwa sijavuka hata mtaa wa pili nilipogeuka nyuma, sijui kwa nini, nikakiona kiroba changu mgongoni mwa mwokota vyuma. Alikuwa mwanamume wa makamo, anatembea upesi. Nilimfuata katikati ya mikokoteni na wamachinga, nikampoteza, nikamwona tena, nikampata kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja alipotua mzigo apumzike.

"Kaka, samahani. Hicho kiroba."

"Nimeokota, mama. Kilikuwa kimetupwa."

"Nimekitupa mimi."

"Sasa unakitakia nini?"

"Unakipeleka wapi?"

"Kwa mafundi, Gerezani," akasema, na akanifungulia nione. "Mali hii, si unaona ilivyo nzito? Keshokutwa yanatoka mapya kabisa."

Nilisimama pale jua linanichoma. Nilikuwa mke wa fundi kwa miaka saba na jambo hili lilikuwa halijanipitia akilini. Hapa Bongo hakuna chuma kinachotupwa. Ukikitupa asubuhi, jioni kipo tanurini, na kesho kipo kichwani mwa mwanamke anayekipeleka kwake kwa furaha, akapikie watoto. Sufuria langu lingekwenda kwa bibi harusi mwingine. Kichwa cha betri kingeongezwa cha tatu. Nilimlipa alichotaka, akanitazama kwa huruma akidhani kichwa changu hakiko sawa, akanisaidia kujitwisha kiroba.

Tulifikiria sana, mimi na mume wangu. Kuyazika, uani kwetu ni saruji tupu. Kuyafukia Jangwani, mvua kubwa ikija bonde litayafukua na kuyaleta barabarani, nasi tunajua bonde lile halitunzi siri ya mtu. Baharini kuna samaki tunaowanunua. Jirani mmoja akashauri niyatie udongo nipande mboga, na yeye alimaanisha wema, lakini niliingia ndani nikafunga mlango. Daktari nilipomuuliza alisema kweli hajui. Mwishowe mume wangu aliyatoboa matako kwa msumari mnene ili pasiwe na mtu wa kupikia humo tena, akayapachika moja ndani ya jingine, langu likiwa la nje kwa kuwa ndilo kubwa, na tukayasukuma chini ya kitanda. Yakawa yetu. Tukihama tutahama nayo. Somo wangu aliposema sufuria hili ni la kurithisha hakujua alichokuwa anakisema.

Genge bado ninalo. Bado sipokei mboga za bondeni. Ila siku hizi mteja akichukua matembele ninamuuliza, "Unapikia kwenye nini?" Wengi wanashangaa, wengine wanadhani nataka kuwauzia sufuria. Mwanamke mjamzito akiulizia maji ya matembele ninamwonyesha vizuri, na ninamwambia mara tatu: ndimu kwenye bakuli, siyo kwenye sufuria, na yasilale. Sijaacha kuamini mboga. Nilichoacha ni kuamini kwamba kwa kuwa nimeamka alfajiri na kuchagua jani zuri, basi nimemaliza kazi.

Mwanangu sasa ana miaka sita. Ana mwili, anacheza, shuleni wanasema anaelewa akirudiwa. Maneno yanakuja moja moja, mawili mawili: maji, mama njoo, baba kiatu. Ninamsemesha siku nzima. Kila jioni namsimulia soko zima, nani kaja na nani kaniudhi, nikingoja siku atakayonijibu kwa sentensi.

Jumapili moja nilikuwa uani nachambua mboga, nikasikia kitu kinakwaruza sakafu chumbani. Nilipofika mlangoni nilimkuta ameyachomoa yale ya ndani, amelivuta sufuria langu mpaka katikati ya chumba. Ametia humo vikonyo vya matembele nilivyokuwa nimetupa, anakoroga na kijiko cha mbao. Mwanasesere wake ameegemezwa kwenye mguu wa kitanda. Alichota pasipo na kitu kwa kifuniko cha chupa, akamshika yule mwanasesere kidevu, taratibu, kama anayejua uzito wa kichwa cha mtoto.

"Kunywa mwanangu," akasema, "yakulinde."

Alikuwa hajawahi kusema sentensi ndefu namna ile. Aliisema yote, kwa sauti yangu, na pale nilipokuwa nikivuta neno la mwisho naye alivuta. Kumbe katika ile miezi niliyodhani maneno hayaingii, haya yaliingia yakakaa. Baba yake alikuwa amekuja nyuma yangu na bati mkononi, akabaki hapohapo.

Mtoto alituona. Akachota tena, akainuka, akaninyooshea kile kifuniko kwa mikono miwili.

"Mama kunywa."

Kilikuwa kitupu. Nilipiga magoti nikakipokea, nikakiinua mdomoni, nikanywa kisichokuwamo mpaka mwisho huku ananitazama, kisha nikamwambia asante, mwanangu. Halafu nilimshika mkono nikampeleka bombani tukanawa kwa sabuni, mara mbili, na niliporudi baba yake alikuwa ameshayapandisha masufuria yote juu ya kabati na ameyafunga kwa kamba.